Bi mkubwa kaacha dawa ya ganzi ya miguu kisa panya wa maabara walipata saratani ya mishipa ya damu, wenye uelewa naomba mnisaidie

MtotoWaMingoyo:

Wakuu habari za usiku. Niko Lindi, Mingoyo hapa, naomba msaada hasa kwa waliowahi kufanya kazi za maabara au za dawa. Bi mkubwa wangu ana kisukari miaka tisa sasa, na toka mwaka jana miguu inamtesa, anasema kuna saa kama kakanyaga makaa alafu saa nyingine hasikii kitu kabisa mpaka ndala inamtoka njiani bila kujua. Akapewa pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, anameza asubuhi na usiku, na kwa kweli ilimsaidia, alianza kulala na kwenda mwenyewe sokoni.

Kosa ni langu. Niliingia mtandaoni kuisoma hiyo dawa nikakuta kwenye maelezo yake rasmi wameandika kwamba ilipojaribiwa kwa panya walipata hemanjiosakoma kwa wingi ambao haukutarajiwa, nikatafuta maana nikaambiwa ni saratani inayoanzia kwenye mishipa ya damu. Nikamwambia dada, dada akamwambia mama, na mama juzi kachukua zile karatasi za vidonge kazifungia kwenye kopo juu ya kabati, kasema bora moto wa miguu kuliko saratani ya damu. Leo usiku wa tatu hajalala, namsikia huko chumbani anajigeuza na kusugua miguu.

Kinachonichanganya zaidi, katika kusoma kwangu nikakutana na habari kwamba hao panya wa maabara wakizeeka wanapata huo uvimbe wenyewe tu, hata wale ambao hawajapewa dawa yoyote. Sasa kama wanapata wenyewe wanajuaje kwamba dawa ndo imeleta? Na kama haijaleta kwanini waandike? Naomba mnielezee bila kunificha, hata kama ni habari mbaya. Natanguliza shukrani.

Korosho_Kwanza:

Pole sana mkuu na mpe pole mama. Mimi ningekua we ningeacha hiyo dawa moja kwa moja, mpaka watengenezaji wenyewe wameandika ujue wameona kitu. Panya ana damu na mishipa kama sisi, kinachomuua yeye hakiwezi kuwa kizuri kwetu. Mpe unga wa mlonge na umkande miguu na maji ya vuguvugu jioni, mama mkwe wangu huku Nachingwea anafanya hivo.

FundiKeji_Mtwara:

Nimeusoma huu uzi mara mbili kabla ya kuandika maana jambo hili nimelishika kwa mikono yangu. Saivi nipo nyumbani Mtwara, Shangani, lakini nilitumikia miaka minne kwenye chumba cha wanyama wa maabara huko Dar, sitataja wapi, kazi yangu ilikua kubadilisha maranda kwenye keji (vizimba vya panya), kupima uzito kila wiki, kulisha, na panya akifa kumpasua na kuweka viungo kwenye formalini visioze kwa ajili ya daktari wa mifugo kusoma.

Kwanza mwambie mama hii sio saratani ya damu. Saratani ya damu inaanzia kwenye uboho zinakotengenezwa chembe za damu. Hii ni ya mshipa wenyewe, kuna seli nyembamba zimetandikwa ndani ya kila mshipa kama lipu ndani ya tenki la maji, hizo ndo zinazozidi kuota. Zikiota kwa utaratibu, mstari mmoja, zikafanya kauvimbe kalikojaa damu kasikovamia jirani, kanaitwa hemanjioma na sio saratani. Zikiota kwa fujo, tabaka juu ya tabaka, viini vikubwa, zikapenya katikati ya nyama ya ini, hiyo ndo hemanjiosakoma. Na kwa kua mishipa iko kila mahali basi unaikuta kwenye ini, bandama, uboho, chini ya ngozi, kwenye tezi, na kwa majike hata kwenye kizazi.

La pili, na hapa Kiswahili chetu kinatuangusha kidogo, sisi tunasema panya basi, lakini maabara kuna panya wa aina mbili tofauti kabisa. Kuna yule mdogo wa gramu thelathini hivi, na kuna yule mkubwa anayefika gramu mia tatu, mia nne au zaidi. Hawa sio mtoto na mama yake, ni wanyama wawili kama mbuzi na ng'ombe walivyo wawili. Hiyo pregabalini iliongeza uvimbe kwa wale wadogo, aina mbili za panya wadogo, B6C3F1 na CD-1. Wale wakubwa walipewa nao kwa miaka miwili wakasomwa na haikuonekana. Sasa ukitafsiri "panya walipata saratani" umeshapoteza nusu ya habari, na hiyo nusu ndo bi mkubwa alitakiwa kuisikia.

Sasa swali lako la kwamba wanapata wenyewe. Ndio, wanapata, na nitakwambia nilivyojua. Mwaka wangu wa pili kulikua na jaribio la mzizi mmoja wa dawa ya kienyeji, panya wanakunywa ule mchemsho kila siku mpaka uzee. Asubuhi moja nafungua keji namkuta dume mmoja amelala kafa, masikio na nyayo vyeupe kama karatasi, na jana yake alikula vizuri. Nikampasua, tumbo lote damu. Nikaosha nikaona kwenye ini kuna vidonge vyeusi-vyekundu kama zabibu, kimoja kimepasuka, ukikigusa kinanywea sababu ndani ni damu tupu. Mkubwa wa kazi akaja juu, kwamba nimewapa chakula chenye sumu ya panya au mzizi umeua, na wiki ile niliitwa ofisini mara mbili. Nikamwomba aangalie namba ya keji. Yule dume alikua wa kundi la kulinganishia. Alikua anakunywa maji ya bomba tu tangu siku ya kwanza.

Aliposoma daktari kwenye hadubini akasema hemanjiosakoma, na akatueleza kitu ambacho kila anayefuga panya wa maabara angepaswa kuambiwa siku ya kwanza. Panya mdogo wa maabara anaishi miaka miwili na ushee, kwa hiyo panya wa miezi ishirini na mbili ni mzee wa kutembelea mkongojo. Kwa aina kama B6C3F1, ambayo mama ni C57BL/6 na baba ni C3H, ukiwaacha wazeeke bila kuwapa chochote unategemea kukuta wawili hadi watano katika kila mia wana uvimbe huu, na madume zaidi kuliko majike. Huyo C57BL/6 mwenyewe uzao wake ulianzishwa Marekani mwaka 1921 na mtafiti C. C. Little, wamezaliana ndugu kwa ndugu tangu hapo, kwa hiyo tabia za ukoo zinajulikana kabisa, kila ukoo na maradhi yake ya uzeeni. Kuna ukoo wa panya ukizeeka ni ini, mwingine ni mapafu, mwingine matiti.

Kwanini panya mdogo na sio sisi? Sababu moja kubwa ni kwamba zile seli za ndani ya mishipa kwake zinagawanyika haraka zaidi hata akiwa mzima, haraka kuliko za yule panya mkubwa na kuliko za binadamu. Seli inayogawanyika mara nyingi inapata nafasi nyingi za kukosea. Ukiongeza kitu chochote kinachozisukuma zigawanyike zaidi, mfano tishu kukosa oksijeni ya kutosha au chembe nyekundu kuvunjika kwa wingi, basi uvimbe ambao ungempata mmoja uzeeni unawapata watano. Kuna kiyeyusho kinaitwa 2-butoksiethanoli, kinatumika kwenye rangi na sabuni za usafi, kilifanya hivo hivo kwa madume wa panya wadogo, kinavunja chembe nyekundu, chuma kinajaa kwenye ini, mishipa inachokozwa. Chembe nyekundu za binadamu zinakistahimili zaidi ya za panya.

Wanajuaje kwamba dawa imeleta: wanahesabu. Jaribio la kawaida wanaweka panya hamsini wa kila jinsia kwa kila kipimo cha dawa, na hamsini wengine hawapewi kitu, wote wanakaa chumba kimoja, chakula kimoja, mwanga saa zile zile, wiki 104. Mwisho wanapasuliwa WOTE, hata wanaoonekana wazima kwa sura. Ukikuta wawili kwa wasiopewa na watatu kwa waliopewa, hujakuta kitu, hiyo ni bahati tu. Ukikuta wawili, kisha kumi, kisha ishirini kadri kipimo kinavyopanda, hapo huna pa kukimbilia. Alafu wanafungua madaftari ya miaka ya nyuma ya ukoo ule ule waone wasiopewa kitu huwa wanapata wangapi, maana hamsini ni wachache na kundi moja linaweza kukudanganya.

Na kusoma kwenyewe kuna mitego. Mshipa uliotanuka tu kwa uzee unafanana na hemanjioma, damu iliyovilia baada ya panya kugombana inafanana nayo, na panya akifa usiku kwa joto letu hili la pwani hadi asubuhi ini limeshaanza kuoza na seli hazisomeki. Ndo maana nilikua nalala pale pale wiki za mwisho. Wakiwa na shaka wanapaka rangi inayoshika CD31, hiyo ni alama ya seli za mishipa, ikishika unajua huu uvimbe umetoka kwenye mshipa na sio kwenye ini lenyewe.

Kuhusu ule mzizi, panya wa kundi lililopewa nao walikua na uvimbe, idadi ile ile na wasiopewa. Kama tusingekua na kundi la kulinganishia, mzizi ambao bibi zetu wanautumia ungeandikwa kwamba unaleta saratani.

Samahani kwa urefu.

MtotoWaMingoyo:

Mkuu usiombe samahani, nimesoma kwa sauti dada akisikiliza. Hilo la panya wawili tofauti sikulijua kabisa, mi nilisoma nikaona panya nikajua panya. Lakini nikuulize moja kwa moja maana umesema huna pa kukimbilia ikipanda na kipimo. Kwa pregabalini ilipanda au haikupanda?

FundiKeji_Mtwara:

Ilipanda, sitakudanganya. Kwa panya wadogo dawa iliongeza kweli, na hata kipimo cha chini kilichoongeza kilileta kiwango cha dawa kwenye damu kinachokaribiana na cha mtu anayemeza dozi ya juu kabisa. Kwa hiyo akija mtu akakwambia "waliwapa panya dozi ya tembo ndo maana", huyo hajasoma. Hoja sio ukubwa wa dozi, hoja ni huyo mnyama. Maelezo yaliyotolewa baada ya kufuatilia ni kwamba kwa panya mdogo dawa inabadilisha upumuaji, baikaboneti (chumvi inayopunguza asidi) inapanda kwenye damu, tishu zinakosa oksijeni, mwili unajibu kwa kuamsha uboho na kumwaga vichocheo vya kukuza mishipa, na seli ambazo tayari zilikua mbio zinaongeza mbio. Kwa panya mkubwa mnyororo huo haukuonekana. Upande wa binadamu nimwachie mtu wa dawa aseme, mi ni wa keji.

DirishaLaDawa:

Nimfuate Fundi hapo alipoishia. Mimi ni mfamasia, niko Lindi mjini.

Ndugu yangu jambo la haraka kabla ya sayansi: pregabalini HAIACHWI ghafla. Ikiachwa inashushwa pole pole kwa muda usiopungua wiki moja. Mtu akikata siku moja anaweza kukosa usingizi, kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho, kuharisha, wasiwasi usio na sababu, na mwenye kifafa anaweza kupata degedege. Kwa hiyo hizo siku tatu za kutolala sio miguu peke yake, sehemu yake ni mwili kukosa dawa uliyoizoea. Kesho mpeleke kliniki yake, mwambie daktari ukweli kwamba kaacha na tangu lini. Usimrudishie dozi nzima kwa kukisia, na akiwa anaona kizunguzungu asitembee peke yake.

Pili, kwa mwenye kisukari cha miaka tisa omba wapime figo, kile kipimo cha damu kinaitwa kreatinini, maana dawa hii inatoka mwilini kwa njia ya figo na figo zikichoka dozi inapunguzwa. Kuvimba miguu, usingizi wa kupitiliza mchana, kuongezeka uzito, kuyumba, hayo ndo mambo ya pregabalini ninayoyaona dirishani kila wiki na ndo ningependa familia iyaangalie kwa mama wa umri huo. Mtu wa miaka sitini na kitu akianguka kwa kizunguzungu akavunja nyonga, hiyo ni hatari ya leo.

Sasa panya. Maelezo rasmi ya dawa yanataja ule uvimbe wa panya wadogo na yanasema maana yake kwa binadamu haijulikani. Waliandika sababu sheria inawataka waandike kila kilichoonekana, na Marekani iliruhusiwa mwisho wa mwaka 2004 wakiwa wanalijua hilo. Mimi naona ni vizuri kwamba kimeandikwa.

Na ujue saratani hii kwa binadamu ni adimu mno, na huo uadimu una faida yake. Mwaka 1974 kwenye kiwanda kimoja cha plastiki cha Louisville, Kentucky, daktari wa kiwanda aliona wafanyakazi watatu tu wamekufa kwa hemanjiosakoma ya ini, watatu, ikatosha kujua kuna kitu, wakaikamata gesi ya vinaili kloridi wanayotengenezea PVC. Kabla ya hapo kulikua na dawa ya kupigia picha za eksirei inaitwa Thorotrast, ina thoriamu ndani, ikawa inakaa kwenye ini miaka na miaka, nayo ilileta ugonjwa huo huo. Yani ugonjwa adimu kiasi hicho ukianza kujitokeza kwa watu wanaotumia kitu kimoja unaonekana, hauwezi kujificha kati ya wengi kama saratani za kawaida.

Korosho_Kwanza, mlonge kama mboga sina ugomvi nao. Kukanda miguu kwa maji ya moto naomba sana usimshauri mtu mwenye ganzi ya kisukari, hasikii joto, nimeona nyayo zimeungua malengelenge mpaka mtu akakatwa vidole. Hata hayo ya vuguvugu mwenye kuona vizuri ayapime kwanza kwa kiwiko chake.

Korosho_Kwanza:

Nimekuelewa daktari, hilo la maji sikulijua na namwambia mama mkwe leo leo. Asante.

BintiMikindani:

Naomba kuuliza nikiwa sitoki sana nje ya mada. Mjomba wangu aliwahi kupata Kaposi, yale madoa ya zambarau miguuni, na tuliambiwa nayo ni saratani ya mishipa. Je ndo hii hii ya panya?

DirishaLaDawa:

Ni ndugu lakini sio ile ile dada. Kaposi nayo inahusu seli za kutandika mishipa, aliielezea Moritz Kaposi mwaka 1872, lakini chanzo chake ni kirusi, HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994, na kinga ikishuka ndo inapata nguvu. Ndo maana wengi wakianza ARV na kinga ikapanda madoa yanarudi nyuma, wengine wanaongezewa dawa za saratani. Uvimbe wa panya mzee hauna kirusi hicho.

MzeeWaNewala:

Wanangu shikamooni kwa elimu, leo nimeamkia wadogo. Mimi niko Newala, na kwetu huku panya wa shamba ni kitoweo tangu mababu, tunawachimba kiangazi baada ya mavuno, tunawabanika. Wajukuu wameniletea habari hii wananiambia babu acha, panya wana saratani. Nimekula panya miaka sabini. Huo uvimbe unahamia kwa mlaji?

FundiKeji_Mtwara:

Marahaba haikai mzee wangu, shikamoo wewe.

Hauhami. Saratani ya panya haiingii kwa mtu kwa kuliwa, seli zake zinakufa kwenye moto na hata zisingekufa mwili wako usingezipokea. Na zaidi ya hapo panya wa porini hafiki umri wa kuota huo uvimbe. Wengi wao hawamalizi hata mwaka mmoja, wanaliwa na bundi, nyoka, paka, au ndo nyie mnawachimba. Uvimbe huu tunauona maabara kwa sababu tunawatunza mpaka wanazeeka kwa usalama, kitu ambacho porini hakipo.

Unachotakiwa kuogopa mzee ni kingine. Sumu: msile panya wa shamba lililowekwa dawa ya panya wala anayeokotwa amekufa au anayeyumba. Na wakati wa kuchuna, mkojo na damu yake visiguse kidonda mkononi, kuna vimelea vinavyopita hapo, kisha aive mpaka ndani.

MzeeWaNewala:

Hilo la sumu ni kweli, watu wa siku hizi wanamwaga sumu mashambani bila kuambizana. Ahsante mwanangu. Na kwetu kila panya ana jina lake, hatusemi panya tu, kwa hiyo hapo uliposema wako wawili tofauti nilikuelewa haraka kuliko hawa vijana.

MtotoWaMingoyo:

Wakuu narudi na mrejesho. Tulienda kliniki jana asubuhi. Daktari hakutugombeza, alimsikiliza mama vizuri, kasema wapime kwanza figo, kreatinini imepanda kidogo kwa hiyo kampa dozi ndogo kuliko ya mwanzo, aanze ya usiku peke yake alafu turudi baada ya wiki mbili. Akaniuliza mimi nimeyatoa wapi ya panya wadogo na wakubwa, nikamwambia kuna fundi Mtwara.

Jana usiku mama kalala saa tano mpaka adhana ya alfajiri.

Ila nyumbani nilipomsomea tena habari ya yule dume aliyekutwa kafa, mama hakuuliza kuhusu dawa. Kauliza kama hao panya wanaumia. Nikashindwa kujibu, nimeahidi nitauliza.

FundiKeji_Mtwara:

Mwambie mama shkamoo, na mwambie swali lake ndo lilikua kazi yangu ya kila siku.

Uvimbe huu mara nyingi hauonyeshi dalili mpaka upasuke, na ukipasuka ndani damu inatoka haraka, anapoa na kulala, kwa wengi ni usiku mmoja. Wanaovuja pole pole ndo walikua wananiuma mimi. Unaona masikio yanapauka, manyoya yanasimama, anajikunja pembeni ya keji haji kwenye chakula, uzito unashuka. Hapo hatumsubirii. Unamuita daktari, mnyama analazwa kwa dawa asiamke tena na hamalizi hiyo siku katika hali ile, hata kama jaribio limebaki wiki mbili liishe na mwenye jaribio ananuna. Nilikua nashika masikio ya kila panya mzee kila asubuhi kabla sijanywa chai, nayatazama kwenye mwanga wa dirisha kama bado yana wekundu.